Simu ya Tisa

Kila adhuhuri simu moja ilibaki ndani ya seva, kompyuta ya kuunganisha simu za dharura, hata Fundi alipoizima seva yenyewe na kuiwasha upya. Sekunde zake ziliendelea kuhesabika. Chumba kilinuka dawa ya kuchua kifua.

Fundi aliijua harufu hiyo. Mkewe alijipaka dawa hiyo hadi siku aliyokufa, miezi minne iliyopita, simu mkononi, akiita gari la wagonjwa.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeipanga seva ile. Kabla ya kuunganisha simu, iliiuliza kwanza kompyuta nyingine, kupitia wavuti, mpigaji anaishi wapi. Ndani ya seva zilikuwamo programu nane, kama makarani wanane, kila mmoja akiikalia simu yake mpaka jibu lirudi. Mwenzake kazini, waliyemwita Shangazi kwa jinsi alivyopenda kugombeza, alimshauri simu inayosubiri iwekwe kando ili karani apokee nyingine.

"Wanane wakiganda, mpigaji wa tisa atahudumiwa na nani? Na wewe?"

Fundi alicheka. Kuziweka kando kungemla wiki mbili zaidi, na kwenye majaribio jibu lilirudi kabla hujapepesa jicho.

Adhuhuri ya siku aliyokufa mkewe, kompyuta ya anwani ilizorota, na makarani wote wanane wakaganda wakingoja jibu. Mkewe alikuwa wa tisa.

Baada ya mazishi aliirekebisha seva kimyakimya, akafuta kumbukumbu za siku ile, akasema mtandao ulikatika. Simu zikaanza kuwekwa kando. Moja haikuondoka.

Mlinzi wa jengo, aliyeiogopa harufu ile, akamleta mganga. Mzee yule alinusa mlangoni, akakataa kuingia.

"Jini huyu hataki damu," alinong'ona. "Anangoja jibu. Toa ulichoficha."

Basi Fundi akamweleza Shangazi yote, huku feni zikivuma na harufu ikizidi na pumzi zikitoka katika kila spika ya chumba kile, fupifupi, za kifua kilichobana, zilezile alizokuwa akizisikia ubavuni pake kitandani na kuzizoea hata akaacha kuamka.

Shangazi hakugombeza. Alionyesha kioo cha kompyuta tu. Simu ile iliyobaki ilikuwa imeunganishwa.

Harufu ikakatika. Robo saa baadaye simu ya Fundi ikaita. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa.

"Bosi, tupo nyumbani kwako. Mama aliyetupigia ametufungulia."

Fundi akapapasa mfukoni. Ufunguo wa nyumba, ambao ulikuwa mmoja tu, ulikuwamo.

Dereva akashusha sauti. "Anauliza nani aliyetuchelewesha. Nimjibuje?"