Uwanja wa Kumi na Saba

Mambo haya yalimpata nyanya yangu, mama ya baba, kule Mwala. Kwa miaka mingi nimeyasimulia hivyo, kama mkosi uliomwangukia mzee wa watu, na waliosikia wakatikisa vichwa na kunipa pole. Nilizipokea pole hizo bila aibu. Leo nitajaribu kutojificha nyuma yake.

Mwaka 2005 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikapata kazi katika saiba ya Nurudin mjini Machakos, chumba chenye kompyuta sita na feni moja iliyopenda kulalamika. Kila asubuhi nilifagia, nikawasha mashine moja baada ya nyingine, kisha nikawasaidia wateja kuandika barua za kuomba kazi na kusoma barua pepe za jamaa zao walio ng'ambo. Wateja wakipungua nilihamia mashine ya pembeni, na hapo sikuwa tena msichana wa kufagia. Hapo nilikuwa Hakimu.

Kulikuwa na mtandao ambako watu wa nchi mbalimbali walipiganisha madude kwa maandishi tu. Kila mtu alibuni dude lake, akalipa nguvu na udhaifu, kisha wawili wakapambana kwa zamu: huyu anaandika pigo, yule anaandika jinsi alivyolikwepa na alivyorudisha. Lakini pambano halianzi hewani. Lazima awepo mtu wa kubuni uwanja, kuweka sheria zake, na mwishoni kutoa hukumu. Wengine walibuni madude. Mimi nilibuni viwanja. Nilikuwa nimebuni kumi na sita: mgodi wa chumvi ambao sakafu yake hula miguu, soko linalohama kila ukipepesa jicho, na vingine vya namna hiyo. Watu nisiowajua waliandika kwamba hakuna anayenifikia. Mimi, ambaye nyumbani hakuna aliyenisikiliza hata nikiomba chumvi.

Uwanja wa kumi na sita haukupendwa. Waliuita mkavu. Niliyasoma maneno hayo asubuhi, nikayarudia mchana, na jioni nilienda nayo nyumbani.

Desemba hiyo nilikwenda Mwala kwa nyanya, susu Kavutha. Mimi pia naitwa Kavutha, kwa sababu kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wenye jina moja huhesabika kama mtu mmoja. Alikuwa akinitania kwa hilo. Nikikataa uji alisema, "Kavutha, yaani mimi nimekataa uji wangu mwenyewe?" Alikuwa na sauti nyepesi, ya juu, iliyofika ng'ambo ya mto bila yeye kujisumbua. Kanisani walimweka mbele kuanzisha nyimbo. Mbuzi wake walijua majina yao kwa sababu ya sauti hiyo.

Siku moja asubuhi alinichukua hadi kilimani, kwenye ithembo, kichaka cha miti mikubwa ambako wazee wa zamani walikwenda kuomba mvua. Siku hizi wengi wanapita mbali na kujifanya hawakioni. Yeye ndiye aliyekuwa akikitunza, ingawa kila Jumapili alikuwa kanisani, na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Alinionyesha pa kuingilia na pa kutokea, maana si pamoja. Alinifundisha kwamba ndani hakuna kuitana majina, hakuna kuokota kilichoanguka, na hakuna kukaa ukiwa umeupa mti wa kati mgongo.

"Nakuambia kwa sababu wewe ni mimi," alisema. "Mtu ambaye hatawahi kukanyaga hapa usimwambie. Umesikia?"

"Nimesikia, susu."

Nilikuwa nimesikia kweli. Na tukiwa bado tunateremka kilima, tayari nilikuwa nikipanga sentensi ya kwanza.

Jumatatu niliandika uwanja wa kumi na saba. Niliweka kila kitu: miti, mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, mti wa kati, na sheria zote alizonipa. Kisha nikaongeza yangu, kwa sababu mchezo unahitaji kitu cha kupoteza. Nikaandika kwamba anayeshindwa huacha sauti yake, na mshindi huondoka nayo. Katikati nikaweka mlinzi, mwanamke mzee, nikampa jina Kavutha. Roho ilinisuta kidogo. Nikaiambia kwamba hilo ni jina langu, nimejiandika mwenyewe.

Waliupenda. Hawakuwahi kupenda uwanja wowote hivyo. Pambano lilianza wiki hiyohiyo, na mmoja wa wapiganaji alikuwa mtu nitakayemwita Gharika, kwa kuwa jina lake la mtandaoni lilimaanisha hivyo. Aliishi nchi ya baridi na dude lake lilikuwa chura mkubwa mwenye mikono ya binadamu. Katika zamu yake ya nne aliacha kumpiga mpinzani. Chura akageuka, akamwendea mlinzi, akamshika koo.

Mpinzani alilalamika kwamba mlinzi si sehemu ya pambano. Kila mtu akangoja hukumu yangu. Gharika akaandika, "Hakimu, kama huyo mzee haguswi, basi uwanja wako ni pambo tu."

Ningeweza kusema hapana. Neno moja lingetosha. Lakini watu zaidi ya arobaini walikuwa wakinitazama, na nililipenda hilo kuliko nilivyompenda yeyote siku hiyo. Ilikuwa Jumatano, saa kumi jioni. Niliandika: mlinzi ameanguka, Gharika ameshinda, na aichukue sauti.

Kesho yake baba mdogo Mulwa alipiga simu ya Nurudin.

"Kavutha, susu si mzima," alisema polepole. "Jana saa kumi alikuwa anaita mbuzi. Sauti ikakatika tu. Katikati ya jina la mbuzi. Hata kukohoa hasikiki. Sasa ni mdomo tu inaenda."

Nilimrudishia Nurudin simu yake. Akauliza kama kuna msiba. Nikasema hakuna.

Madaktari walichunguza koo wakalikuta safi. Wiki tatu zilipita. Ukoo ulikutana nyumbani kwa Mulwa, na kabla chai haijapoa walishapata wa kulaumiwa. Ni mzee Maundu, jirani. Alikuwa mjane, aliishi peke yake, na mwezi uliotangulia alikuwa amezozana na susu kuhusu zamu ya kunywesha mbuzi kwenye shimo la mchanga mtoni. Walimwita. Alikuja na kofia mkononi. Sauti yake ilikuwa nzito, na alikuwa na tabia ya kumeza miisho ya maneno.

"Mimi sina kitu ya kuficha," alisema. "Tuligombana maji, ndio. Watu hugombana maji. Niulizeni chochote."

Hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nikitazama kikombe changu. Susu alikuwa pembeni. Hakumtazama Maundu hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilirudi Machakos nikafuta hukumu ile. Haikusaidia kitu. Mulwa alisema susu bado yuko kimya, na sasa anakataa chakula. Nikafuta uwanja wote. Haikusaidia. Hapo nikaelewa nilichokuwa nimekitengeneza. Sauti hairudi kwa kufutwa. Sheria yangu ilikuwa moja tu: anayetaka sauti, ashinde mtu.

Nikaurudisha uwanja, nikafungua pambano jipya, mchana kweupe, wateja wawili nyuma yangu wakicheka na barua zao. Upande wa mshindi nikaandika Kavutha. Upande wa pili ukabaki wazi.

Jina la kuandika pale lilikuwa langu. Nililijua hilo kama ninavyojua kuhesabu vidole vyangu. Vidole vikawa juu ya herufi. Nikajiambia kwamba mimi pia ni Kavutha, ukurasa utachanganyikiwa, huenda mambo yakaharibika zaidi. Nikajiambia bado ni kijana. Nikajiambia kuna mtu ambaye hata sasa hana wa kuzungumza naye.

Nurudin alipita nyuma yangu. "Kavutha, umekula?"

"Bado."

"Mbona uko na machozi?"

"Ni hii skrini."

Akainama kunipunguzia mwanga wa mashine, maskini, mtu mwema yule. Alipoondoka niliandika Maundu. Nikamwangusha kwa mstari mmoja tu. Sikumpa hata nafasi ya kujitetea, kama walivyomnyima kule Mwala.

Mulwa alipiga simu kabla ya magharibi. Alikuwa analia kwa furaha. Susu anaongea. Akamwekea simu sikioni.

Nikasikia mtu akivuta pumzi.

"Kavutha," sauti ikasema. Nzito. Mwisho wa jina ukamezwa.

Simu ilinitoka mkononi.

"Imekwaruzwa kidogo," Mulwa alikuwa akisema nilipoiokota. "Itarudi tu. Na unajua nini? Yule Maundu amekuwa bubu leo. Leo leo. Si unaona sasa? Imemrudia yeye mwenyewe."

Hiyo ndiyo ikawa hukumu ya kijiji. Mtu asiyekuwa na hatia, walisema, angekana. Maundu alisimama uani kwake akifungua na kufunga mdomo, akionyesha koo kwa kidole, huku vijana wakimng'olea mabati ya nyumba. Alihamia Kivaa kwa binti yake akiwa na mfuko mmoja. Haya sikusimuliwa. Nilikuwa nimefika kumjulia susu hali, na niliyaona yote nikiwa nimesimama kwenye uzio. Maundu alinipita karibu sana. Akaniinamishia kichwa kwa heshima, kama unavyomwamkia mtoto wa watu wazuri.

Nilimkuta susu amekaa jikoni, khanga imefunika mdomo. Majirani walikuwa wameshakuja kumpongeza na kuondoka. Alikuwa akisema neno, anajisikia, ananyamaza. Alikuwa ameacha kuita mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wakimkimbia.

Nilikaa. Kisha akaishusha khanga, na sauti ya Maundu ikatoka kwenye mdomo wa nyanya yangu, kwa upole kabisa, bila hasira.

"Hii ni ya watu," alisema. "Yangu umeipeleka wapi?"

"Ni ugonjwa, susu. Itarudi."

Alinitazama. Akaipandisha khanga. Aliishi miezi mitano zaidi, na sikumsikia tena akisema lolote. Kanisani alisimama nyuma. Tulimzika mwezi wa sita, na kila mtu alinipa pole mimi kwanza, kwa kuwa nimebeba jina lake.

Nilikuwa nimeapa kutofungua tena mtandao ule. Niliufungua mwezi wa nane. Ujumbe wa Gharika, wa wiki hiyohiyo, ulikuwa ukiningoja.

"Hakimu," aliandika, "sijui nimuulize nani mwingine. Tangu lile pambano kuna mwanamke mzee anayeongea nyumbani kwangu. Mchana, jikoni. Simwoni. Mke wangu ameondoka na watoto. Lugha yake siifahamu. Nimemrekodi. Tafadhali, anasema nini? Nimjibu nini?"

Ilikuwa saa sita mchana. Nurudin alikuwa ameenda kuswali. Nje mtu alikuwa akipakia magunia ya mbaazi. Nikavaa vipokea sauti, nikabonyeza.

Kwanza, mngurumo wa friji. Kisha maji yakidondoka.

Kisha yeye. Sauti yake mwenyewe, nyepesi, ya juu. Aliita mbuzi, mmoja mmoja, kwa majina. Akangoja. Hakuna mbuzi aliyekuja. Akaita tena, taratibu zaidi. Miezi miwili tangu tumfukie.

Halafu akaacha kuita, akawa mpole, kama mtu aliyejikuta kwenye mlango asioujua. Akabisha kwa Kikamba.

"Hodi. Wenyewe mpo?"

Friji.

"Hodi. Nimepotea njia."

Friji. Maji.

"Hodi. Hapa ni kwa nani?"

Nililia pale, mkono mdomoni, wateja wasinione. Nilitaka kumjibu Gharika. Nilitaka kumwambia amkaribishe kwa heshima, ampe kiti, amwambie Kavutha amekosa. Lakini ningepaswa kuandika nani ni nani, na nani alifanya nini, na Maundu alikuwa bado hai kule Kivaa, bado bubu. Nikautazama ujumbe. Nikashindwa. Mpaka leo sijaandika neno.

Nilifikiri rekodi imeisha. Nilikuwa nimeshika vipokea sauti kuvitoa masikioni.

Kuna mtu aliyemwitikia.

Si Gharika. Ni msichana, kwa Kikamba cha kwetu cha Mwala, karibu kabisa na kinasa, mchangamfu kama mtu aliyeandaa mahali na kungoja wageni wafike. Mashine yangu haikuwa na kinasa sauti. Maneno yale sijawahi kuyasema mbele ya mtu yeyote.

"Karibu, susu. Ingia. Hapa ni kwangu."

Sauti ile ilikuwa yangu.