Kazi za Marehemu Lukasi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mistari ya mkonge, upande wa Ngombezi, pale meneja wa shamba alipompa karani wake, Dorkasi, kazi ya mwisho. Robota moja la singa, zile nyuzi za mkonge, lilikuwa limerudishwa kutoka bandarini Tanga. Mnunuzi hakulitaka. Lilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Mama Glory, kabla hujatoka niangalizie ni nani alianika singa hizi," meneja alisema, akapanda gari lake akaondoka.

Zamani, shamba lilipokuwa la umma, swali kama hilo lingejibiwa kwa kubahatisha. Lakini serikali ilipouza mashamba, mwenye mali mpya alileta kompyuta. Kila kazi iliingizwa humo: nani kaipanga, nani kaifanya, imeisha au bado. Kazi isiyo na jina la mtu ilikataliwa. Ukitaka kujua ya nyuma, unaandika unachotafuta, nayo inakutolea.

Dorkasi akaandika namba ya robota. Mashine ikakoroma kidogo...

Jina likatokea.

Lukasi Hiza.

Dorkasi hakupepesa macho. Lukasi alikuwa mumewe. Homa ilimchukua kabla hata kompyuta haijaletwa, na Dorkasi mwenyewe alitupa udongo kaburini kwake, kule Lutindi.

Wamekosea tu, alijiambia. Akaandika jina la marehemu peke yake, akabonyeza tena.

Kioo kikajaa. Kukata majani. Kuanika singa. Kupakia marobota. Ukurasa ukaisha, ukaja mwingine. Hakuna Jumapili. Hakuna sikukuu. Na aliyepanga kazi zote hizo alikuwa mmoja: Mhina, msimamizi wa zamu ya usiku, yule ambaye watu walimshangaa kwa kumaliza kazi nyingi na vibarua wachache.

Dorkasi akashuka hadi mstari wa mwisho. Kazi hiyo ilikuwa bado haijaisha.

Kumleta mkewe.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Udongo mbichi. Kisha barazani, mtu akiburuza miguu. Srrr... srrr...

"Unamtafuta nani humo, mama Glory?"

Mhina alikuwa dirishani. Alinong'ona, wala hakuonekana kukasirika. "Ungeuliza la robota tu, ukaenda zako nyumbani."

"Mzee Mhina... umemfanya nini mume wangu?"

"Hajambo. Muulize mwenyewe."

Mlango ukafunguka.

Alikuwa Lukasi. Shati lile lile alilozikwa nalo. Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa na miiba ya mkonge, lakini haikutoa damu. Macho yake yalimpita Dorkasi kama vile hayupo. Akanyoosha mkono, akamshika kiwiko.

Baridi.

Dorkasi alitaka kupiga kelele. Kilichomtoka ni mnong'ono, maneno aliyomwambia kila jioni alipokuwa akirudi kutoka shambani, enzi za uhai wake.

"Kaa chini, baba Glory. Umechoka."

Vidole vikalegea.

Lukasi akageuka taratibu. Akamtazama Mhina pale dirishani... akamtazama kwa muda mrefu.

Umeme ukakatika. Dorkasi akasikia ukelele mmoja huko nje, mfupi, wa mwanamume. Hakusubiri wa pili. Alikimbia peku hadi kwenye nyumba za wafanyakazi.

Mhina hakuonekana tena. Fundi wa kompyuta aliyeitwa kutoka Dar es Salaam alisema majina ya wafanyakazi wa zamani yalichanganyika na ya wapya. Ndugu walipanda Lutindi, wakakuta majani juu ya kaburi hayajaguswa. Meneja alitaka yaishe, akasema yameisha.

Dorkasi akaacha kazi, akahamia Makuyuni kwa dada yake Mwaija, akalima mahindi. Msimu ule wa kwanza aliamka asubuhi moja akakuta shamba limeshapaliliwa. Baada ya mvua nyingine, tena. Mwaija alidhani ni majirani wema.

Jioni moja Dorkasi alikusanya majembe yote, akayasukumia uvunguni mwa kitanda. Kisha akasimama mlangoni, akasema polepole kuelekea shambani, "Inatosha sasa, baba Glory. Pumzika."

Asubuhi alikuta magugu yameng'olewa, tuta kwa tuta, yamepangwa kando vizuri.

Yaling'olewa kwa mikono. Udongoni kulikuwa na alama za kucha.