Geji ya Pijo la Alinanuswe

Jirani yetu Lwitiko ni fundi wa magari ya kizamani pale Tunduma, na si mtu wa kuzua maneno. Haya aliyasimulia mara moja tu. Tangu hapo ukimgusia, anainuka na kuondoka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, malori yamejipanga kuelekea mpakani, vumbi na honi kama siku zote. Mzee mmoja aliingia gereji na Pijo 504, gari jeupe la zamani lililotunzwa hadi likang'aa. Alijitambulisha kuwa ni Zebedayo, mkulima wa kahawa kutoka Mbebe.

"Geji ya mafuta inanisumbua, fundi," alisema. "Hata nikijaza tangi, mshale unalala kwenye E. Nina mteja anakuja leo kutoka Nakonde. Itengeneze, niachane na gari hili."

"Ni lako, mzee?"

"La mdogo wangu, Alinanuswe. Alishatangulia."

Lwitiko aliagiza tangi lijazwe, kisha akaanza kazi. Alichomoa waya kwenye tangi, akaugusisha kwenye bodi, na mshale ukapanda. Basi geji ilikuwa nzima na waya mzima. Ubovu ulikuwa ndani ya tangi. Akafungua kifuniko kilichomo kwenye buti, akaitoa floti, lile boya linaloelea juu ya mafuta na kuiambia geji yamebaki kiasi gani.

Mkono wa floti ulikuwa umekunjwa. Alama za meno ya plaizi zilionekana wazi kwenye chuma. Aliyeukunja alitaka geji ionyeshe tangi limejaa hata likiwa kavu. Iweje sasa ionyeshe kinyume chake?

Hapo ndipo Lwitiko alipomkumbuka marehemu. Habari ya kifo chake ilifika hadi Tunduma. Alinanuswe alibanwa na kifua, akaingia kwenye gari lake kujipeleka hospitali Itumba. Gari likazimika mlimani, mahali pasipopita watu, mvua ikinyesha. Walimkuta ameinamia usukani, tangi halina hata tone. Zebedayo akarithi shamba, nyumba na gari, na mjane akafukuzwa. Huyo mjane, Gwantwa, hakulia. Aliweka kiganja juu ya boneti mbele ya waombolezaji wote, akasema, "Shemeji, mimi sikuulizi kitu. Gari litakuuliza."

"Mzee," Lwitiko alinong'ona, "nani aliishika floti hii?"

Zebedayo aligeuza uso.

"Inyooshe," alisema. "Usiniulize mambo."

Lwitiko akainyoosha, akairudisha. Mshale ukapanda taratibu hadi F, ukatulia. Zebedayo akacheka kwa mara ya kwanza. Akamwambia fundi apande ili walijaribu gari kabla mteja hajafika.

Walitoka vizuri. Walipofika Mpemba, gari likaiacha lami kuu, likaingia barabara ya Ileje, ile ya kwenda Itumba.

"Mzee, si tugeuzie hapa?"

"Siyo mimi niliyekata kona," alisema Zebedayo.

Mikono yake ilikuwa juu ya usukani. Usukani ulikuwa unajizungusha chini ya viganja vyake.

Lwitiko akatazama geji. Robo tatu. Haikuwezekana; tangi lilijazwa mbele ya macho yake. Akamgeukia Zebedayo na kuona jasho linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyepandisha mlima kwa miguu.

Nusu tangi.

"Fundi, hewa," alinong'ona Zebedayo. "Fungua dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi. Upepo wa milimani ulikuwa unawapiga usoni.

Lwitiko akaelewa. Mshale ule haukuwa unapima petroli. Akazima swichi, akauchomoa ufunguo, akaushika mkononi. Injini iliendelea kuunguruma. Gari likapanda. Jua lilikuwa linawaka, akinamama walikuwa wanavuna mahindi kandokando, na hakuna aliyeinua kichwa.

Robo.

"Alinanuswe," alisema Zebedayo. Hakumwambia Lwitiko. Alikuwa anatazama kioo cha nyuma. "Ndugu yangu. Nilitaka shamba tu."

Kiti cha nyuma kililia, kama mtu amesogea mbele ili asikie vizuri.

Mshale ukagusa E. Gari likasimama lenyewe kwenye kona moja ya mlima. Zebedayo akainamia usukani, na hakuinuka tena.

Lwitiko alitambaa nje. Alifungua mfuniko wa tangi. Petroli ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Baada ya mazishi ya Zebedayo alimfuata Gwantwa kwa wazazi wake, akamkuta anaanika kahawa. Akamweleza yote. Mama yule alisikiliza bila kuacha kazi.

"Lilisimamia wapi?" aliuliza.

"Kwenye ile kona yenye mwamba mweusi, juu ya kijito."

"Hapo hapo," alisema Gwantwa, akaendelea kutandaza kahawa. "Sasa mume wangu atalala."

Gari lilikuwa limevutwa hadi kituo cha polisi. Lwitiko alipokwenda kuchukua sanduku lake la spana lililobaki garini, alichungulia kwenye kiti cha nyuma. Kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa na kunuka mvua. Hapakuwa na mvua mkoa mzima mwezi ule. Na katikati ya unyevu ule, umbo la mtu aliyeketi lilikuwa limebaki kavu.

Alipoligusa, lilikuwa bado na joto.