Fundi Bomba na Macho Makavu

Bomba lilipasuka saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la maduka, wakati watu wamejaa kama siafu. Maji yalishika korido, yakaingia duka la viatu, yakatoka, yakaenda moja kwa moja bila hodi hadi kwenye duka la magauni ya harusi. Wanaume walikunja suruali, wanawake walishika sketi zao mkononi, kila mtu akimpigia kelele mwenzake afanye kitu.

Mwenye duka la magauni, ambaye jengo zima lilimwita Mama Gauni, alikuwa amesimama juu ya stuli akitoa amri. Chini yake msichana mmoja alikuwa akinyanyua majora ya vitambaa na kuyapanga juu ya meza, moja baada ya jingine, bila papara. Alivaa blauzi ya kijani iliyonyooka kwa pasi, sketi nyeusi, na tepu ya kupimia shingoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni.

Ndipo fundi bomba alipoingia. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa imelowa hadi magotini, na begani alikuwa na spana ndefu. Alishafunga koki kuu. Alipomwona yule msichana, huruma ilimwingia.

"Dada, usilie. Nimeshafunga maji. Kitambaa kikilowa, kinakauka."

"Silii."

"Hulii?"

"Silii, kaka. Nina macho makavu."

Fundi aliyatazama yale mashavu, akatazama sakafu, akarudi kwenye mashavu. "Makavu?"

"Kama jivu."

"Basi dada yangu, ungekuwa na macho mabichi tungehama jengo."

Mama Gauni aliangua kicheko juu ya stuli yake mpaka akashika ukuta. Msichana alibana midomo asicheke, ikashindikana.

"Yakikauka sana yanawasha," alimweleza, huku akiendelea kunyanyua majora. "Yakiwasha yanajimwagia maji kwa fujo, lakini hayakai. Baada ya dakika mbili nabaki na mchanga. Usinitazame hivyo, nimeambiwa na daktari."

"Sikutazami kwa ubaya."

"Unanitazama kwa nini basi?"

Fundi aligeuka haraka. Alikumbuka ghafla kwamba kuna bomba linamsubiri.

Jumatatu alirudi kukagua kiungio. Jumatano alirudi kukagua kile kiungio alichokikagua Jumatatu. Ijumaa alikuja bila hata spana, amevaa shati la mistari na amechana nywele.

"Bomba letu lina homa gani," Mama Gauni akamuuliza, "hata lihitaji daktari kila siku?"

"Namwangalia mgonjwa, mama."

"Mgonjwa yupo pale dirishani, anashona shanga. Nenda ukamjulie hali, uache kunikanyagia sakafu."

Basi wakaanza kupendana. Dukani msichana aliitwa Shanga, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kushona shanga kwenye magauni. Alizipanga moja moja kwa sindano nyembamba, nyingine ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Fundi aliitwa Spana tangu alipokuwa akijifunza kazi, na jina lilimganda. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Bado, nasubiri sauti yako inishibishe."

"Utakufa na njaa. Kapike."

Spana alikuwa mtu wa kutenda kwanza. Shanga aliposema feni ya dukani inamkausha macho, kesho yake aliikuta imegeuzwa, inapepea ukuta. Alipotaja kwamba sinki la nyumbani kwa dada yake, alikoishi, linavuja, alirudi kutoka kazini akakuta halivuji. Spana hakumuuliza lolote. Shanga aliona raha kupata mtu wa namna hiyo. Hakuona bado upande wa pili.

Macho, hata hivyo, hayakumpa raha. Asubuhi aliona vizuri. Ikifika saa nane mchana shanga moja ilikuwa mbili, na sindano ilikuwa ikimchoma kidole mara kwa mara. Alitia matone, akafumba, akasubiri, akatia tena.

"Na haya matone yana uchungu," alimwambia Spana siku moja wamekaa kwenye benchi nje ya jengo. "Naweka jichoni, naonja kooni."

Spana aliruka kama aliyeguswa na umeme. "Ina maana kuna bomba kutoka jichoni mpaka kooni!"

"Lipo. Machozi yanaingia kwenye vitundu viwili hapa kwenye kona ya jicho, karibu na pua, yanashuka puani, halafu kooni. Ndiyo maana daktari anataka kuvitia vizibo, ili hayo machache niliyonayo yakae machoni."

Raha yote ilimtoka Spana usoni. "Kuziba?"

"Vizibo vidogo sana. Nimepewa Jumanne ijayo."

"Mpenzi, mimi kazi yangu ni kuzibua. Nimeona nyumba zilizozibwa mfereji. Maji yakikosa njia yanaingia ukutani. Rangi inabanduka, plasta inaanguka. Sasa jicho si ukuta, jicho ni kitu laini!"

"Mama Gauni amenipa gauni la mtu anayeolewa mwisho wa mwezi. Nisipoweza kulimaliza atanihamishia mbele, kwenye meza ya kuuzia pini na zipu. Kushona shanga ndiyo kazi ninayoijua, Spana. Ndiyo niliyo nayo."

"Tafuta dawa nyingine."

"Nimetumia zote."

Spana aliinuka kurudi kazini. Kuna jambo hakumwambia. Shangazi yake aliyemlea aliwahi kutibiwa jicho na mtu asiyejua anachofanya, na hakuona tena. Spana ndiye aliyemshika mkono miaka yote, sokoni, njiani, mpaka kwenye mlango wa choo. Usiku alipofumba macho yake aliona mkono wa Shanga ukipapasa ukuta.

Jumatatu asubuhi alipiga simu kliniki.

"Napiga kwa niaba ya dada yangu, ana miadi ya kesho, kutiwa vizibo vya macho," alisema, akataja jina. "Hatakuja. Mfuteni."

Wakamfuta.

Jumanne Shanga alifika kliniki kabla mlango haujafunguliwa. Alivaa gauni lake la zambarau na alikuwa ameaga kazini. Dada wa mapokezi alipitisha kidole kwenye orodha kuanzia juu mpaka chini, kisha akakipandisha tena.

"Uliahirisha jana. Kaka yako alipiga simu."

"Sina kaka," alisema Shanga. "Tumezaliwa wasichana watupu."

Walitazamana. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya wiki tano.

Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu. Sauti yake haikupanda.

"Ulipiga simu kliniki?"

"Mpenzi, nilikuwa nakulinda."

"Na nani?"

"Na... na hiyo hatari."

"Ulimuuliza daktari kama ni hatari?"

"Hapana."

"Uliniuliza mimi?"

"Ungekataa."

"Kumbe ulijua." Alivuta pumzi. "Feni uligeuza, nikafurahi. Sinki ukatengeneza, dada akafurahi. Lakini haya ni macho yangu, Spana. Usinipigie."

Wiki iliyofuata Mama Gauni alimpa mshonaji mwingine lile gauni. Hakufanya kwa ukali, alimshika bega kabisa. "Mwanangu, bibi harusi hawezi kusubiri macho yako." Shanga akahamia mezani mbele. Alihesabu pini, akakunja zipu, na kila mara shingo yake iligeuka yenyewe kutazama dirishani, mahali ambapo mtu mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Spana hakupiga. Lakini wiki ya tatu aliingia kliniki, akapanga foleni katikati ya wazee na watoto, akangoja mpaka zamu yake.

"Una tatizo gani?" daktari, mama wa makamo mwenye miwani minene, akamuuliza.

"Mimi sina. Nina swali."

Daktari alimtazama, akaweka kalamu chini. Akamwonyesha kwa mchoro. Kizibo ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kwanza hutiwa cha majaribio, kinachoyeyuka chenyewe baada ya siku chache. Kikimfaa mgonjwa, hutiwa cha kudumu, na hicho nacho kinaweza kutolewa.

"Na maji yakizidi?"

"Yanamwagika shavuni. Hayaingii ndani kuvunja kitu. Shida ya wagonjwa wa namna hiyo ni kwamba yanayoingia ni machache kuliko yanayotoka."

Spana alikuna kidevu. "Kama beseni. Bomba linadondosha tone tone, na wewe unataka kunawa uso. Unaweka kizibo."

"Umesema mwenyewe."

"Kuna mtu nilimfutia miadi. Unaweza kumpa nafasi ya mapema?"

"Hapana," daktari akasema. "Aje aombe mwenyewe. Wewe umeshamsemea vya kutosha."

Spana alikaa kwenye benchi la nje muda mrefu, kichwa mikononi. Kisha akaandika ujumbe: "Nimemuuliza daktari. Nilikosea, na nimekukosesha kazi. Sitapiga mpaka utake mwenyewe."

Shanga aliusoma mara tatu, akaweka simu kifudifudi juu ya zipu. Hakujibu. Alitaka kuona kama kweli hatapiga.

Hakupiga.

Siku ya vizibo Shanga alisindikizwa na dada yake. Alilazwa kwenye kiti kinachoegemea, akatiwa tone la ganzi. Daktari alisogea na kibanio chembamba, na dada mtu akageukia ukuta. Shanga alihisi kama unyoya umemgusa kona ya jicho.

"Tayari," daktari akasema.

"Umeanza?"

"Nimemaliza."

Jioni alitia matone yake kama kawaida, akangoja ule uchungu. Koo lilikuwa tupu. Akatia tena kuhakikisha. Akaenda jikoni kumwambia dada yake, kisha akajikuta kuna mtu mwingine anatamani kumwambia. Hakupiga siku hiyo. Vizibo vya majaribio viliyeyuka, akatiwa vya kudumu. Mama Gauni akampa kola moja ajaribu, na saa tisa mchana shanga moja ilikuwa bado moja. Akarudishiwa kiti chake cha dirishani. Ndipo akapiga.

"Halo?" Spana alipokea kabla mlio haujamalizika.

"Ulikuwa umekalia simu?"

"Nimeishika tu."

"Kama nisingepiga, ungengoja mpaka lini?"

"Sikujiwekea tarehe."

Walikutana Jumapili alasiri kwenye ngazi za mbele za jengo, maduka yamefungwa, upepo ukivuma barabara nzima. Spana alivaa shati jeupe, amelipiga pasi mpaka mikono ina mistari. Shanga alikuja na gauni la rangi ya damu ya mzee na viatu vya chini. Walipokaribiana tu, chozi likamtoka Shanga, likafuatiwa na jingine. Uso wa Spana ukalainika. Akatoa leso, akanyoosha mkono.

"Acha," Shanga akasema. "Hayo si yako. Ni upepo. Siku hizi yakizidi yanamwagika."

Mkono wa Spana ukabaki hewani. "Nilidhani umenisamehe."

"Nikikusamehe nitakuambia kwa mdomo."

Wakakaa. Spana akamweleza habari ya shangazi, yote, hata ile ya mlango wa choo. Alieleza huku akitazama vidole vyake.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ungejua naogopa."

"Nikaona dharau badala yake. Ipi bora?" Akamgeukia. "Nimeuza pini, Spana. Kila siku nikimtazama mtu mwingine kwenye kiti changu."

"Najua. Sina cha kujitetea."

Jibu hilo lilimshangaza Shanga. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Alijifuta mwenyewe shavu kwa kiganja.

"Kesho nikikuambia jambo linalokutisha, utafanyaje?"

"Nitasema naogopa. Halafu nitakuuliza unataka nini."

"Nimekusamehe," Shanga akasema. "Sasa uliza ulichokuja nacho. Hukupiga pasi mikono ya shati bure."

Spana alikohoa. Mtu aliyezoea kuingia chini ya sinki za watu alionekana hana pa kuweka miguu yake.

"Nataka kukuoa. Wewe unataka nini?"

Shanga hakuharakisha, na Spana hakujaza ule ukimya, ingawa ulimtesa.

"Nataka unioe," alisema hatimaye. "Lakini siku nitaipanga mimi, na gauni nitalishona mwenyewe, shanga zote. Itachukua muda."

"Uchukue."

Waliinuka. Spana alisogea, akasita, mkono wake ukiwa nusu ya njia.

"Naweza kukushika mkono?"

"Hata hilo unauliza?"

"Nimeanza leo, nisamehe."

"Usizidishe, mpenzi," Shanga akasema, akampa mkono.