Uvimbe Mgongoni mwa Mama Pindo

Kila asubuhi Mama Pindo alipika chai, akafagia kibaraza, kisha akaketi kwenye cherehani chake cha miguu. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu mapindo yake yalinyooka. Siku hizi yalikwenda upogo.

Aliilaumu mashine. Alibadilisha mkanda, akatia mafuta, bado ikawa inasimamasimama. Mgongo ulimuuma tangu mwaka jana, hasa akilala. Miguu ilikuwa mizito. Alichoka mpaka kuchoka kwenyewe kukamchosha. Mumewe, mlinzi wa ghala, alisema ni uzee tu unabisha hodi. Kumchua akamchua, lakini wapi.

Mzee fundi wa vyerehani alipoitwa mara ya tatu, aliketi mwenyewe akakanyaga. Mashine ilikwenda vizuri. Akamwomba mama ashone yeye. Ikakwama. Mzee aliinama kutazama kanyagio.

"Mama, una pini mguuni. Imezama yote. Husikii?"

Hakusikia kitu. Hofu ikamshika.

"Cherehani chako kizima," mzee alisema. "Nenda hospitali leo. Huo mguu mimi sina spana yake."

Yeye na mumewe walipanga foleni siku mbili. Alipigwa picha ya mgongo, na daktari akawaonyesha uvimbe. Ulikuwa ndani ya uti wa mgongo, ukibana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni.

"Kwa hiyo ni saratani?" mume aliuliza.

"Naona kama siyo, ila tutajua tukipima kipande chake. Uvimbe una aina nyingi. Mwingine huota ndani ya ubongo au ndani ya mishipa hii yenyewe. Mwingine huota kwenye utando unaoifunika, kama huu. Mwingine ni saratani iliyosambaa kutoka kwingine, labda kwenye titi au mapafu."

"Kama siyo saratani, si tuuache tu?" Mama Pindo aliuliza. Hakuwa na nguvu ya kusikia habari za kupasuliwa.

"Mfupa hautanuki, mama. Uvimbe ukikua, mishipa ndiyo inayobanwa. Tukichelewa, miguu inaweza isirudi."

Daktari aliwataka wawaambie na majirani. Ganzi, miguu kulegea, au mkojo kuziba, mtu asingoje. Vilevile kichwa kinachouma kila asubuhi pamoja na kutapika, macho kufifia, au kifafa kinachoanza ukubwani.

Alipasuliwa. Kipimo kilionyesha haikuwa saratani. Lakini miguu ilibaki kimya. Daktari alisema hisia hurudi polepole, na mazoezi yasikatizwe. Kila asubuhi mlinzi alitoka kazini na usingizi wake machoni, akaja kumwosha mkewe miguu. Aibu ya lile neno la uzee ilimfanya asiseme mengi.

Siku ya kumi na mbili alimimina maji miguuni kama kawaida.

"Maji gani haya ya baridi hivi?" mkewe akafoka.

Miaka ishirini ya ndoa, hakuwahi kufurahia kugombezwa. Aliweka jagi chini, akalia.