Kimya Alipokuwa Bosi Wangu

"Piga magoti! Futa hapo tena!"

Nikapiga magoti. Mimi, mwalimu mzima, mbele ya wanafunzi arobaini na mmoja… naamrishwa na binti wa miaka kumi na tatu!

Nyuma ya darasa, mkaguzi alikuwa anaandika. Alama zake ndizo zingeamua kama napata ajira ya kudumu au nafungasha virago.

Ngoja niwaeleze nilivyojiponza.

Somo lilikuwa matabaka katika jamii. Nikatangaza, leo hatusomi, tunaigiza! Wawili wawili waje mbele, mmoja bosi, mwingine mtumishi. Na sheria nikaitunga mwenyewe, kwa mbwembwe: hakuna kutoka kwenye nafasi yako mpaka uigizaji wako uishe au kengele ilie!

Mwishoni akabaki mwanafunzi mmoja, hana mwenzake. Kwa kutafuta sifa nikasema, "Basi mimi nitakuwa dada wa kazi."

Bosi wangu ndiye yule tunayemwita Kimya. Mtoto huyu hata "nipo" ya mahudhurio lazima umsome midomo. Nikajua nimepata mteremko.

Weee!

"Hicho kikombe umekitoa wapi?"

"Kabatini, bosi."

"Cha kwako ni kile cha plastiki, chini ya sinki. Nikwambie mara ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikaacha kucheka. Kwa sababu nyumbani kwangu… kuna kikombe cha plastiki chini ya sinki.

"Na kabla hujaondoka, fungua mkoba nioneee!"

Hayo ni maneno yangu. Hata ile kuvuta "nioneee" ni yangu!

Nikatupia jicho saa. Dakika saba bado.

Nikikatisha, mkaguzi atauliza kwa nini. Nikiendelea, naanikwa mchana kweupe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, jamani!

"Kimya, inatosha…" nikanong'ona.

"Dada wa kazi ndiye wa kuniambia inatosha?"

Makofi! Mkaguzi naye anacheka.

Kengele ilipolia, blauzi yangu ilikuwa imelowa jasho. Mkaguzi akasimama.

"Binti, umeigiza kama umeyaona. Huyo dada wa kazi anaitwa nani?"

Kimya alinitazama mimi kwanza.

"Bosi wake anamwita Dada," akasema taratibu. "Sisi nyumbani tunamwita Mama."

Akaenda kukaa.

Alama nilipata za juu. "Umegusa maisha, mwalimu!" mkaguzi akanipa mkono. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Miaka mitatu mama huyo ananifulia, ananipikia, ananilelea wanangu. Nilijua anaondoka saa kumi na mbili jioni. Anakwenda kwa nani, sikuwahi kuuliza. Hata kwamba binti yake yuko darasani kwangu sikujua!

Nilipofika nyumbani nilimkuta anakunja nguo.

"Dada… samahani. Hivi jina lako nani?"

Akaacha kukunja. Akauchukua mkoba wake, akaufungua.

"Kuna nini kimepotea, madam?"

Nililia pale pale, nimeshikilia fremu ya mlango.

Wenye wasaidizi majumbani, nawaambia kwa aibu yangu: muulize jina siku ya kwanza anapoingia mlangoni. Ukichelewa kama mimi, siku utakayouliza atadhani unampeleka polisi.