Bando Lililoisha Jumatano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hilda alimkatia ng'ombe majani ya mgomba, akafagia banda, akamwamkia bibi yake, kisha akaitazama simu. Kazi hiyo ya mwisho ilionekana ndogo, lakini Bibi Elisifa alikuwa amemkabidhi kwa maneno mazito kuliko kazi zote. Alimwambia kwamba ng'ombe akichelewa kula atapiga kelele, ila simu ikiachwa bila kutazamwa haitapiga kelele yoyote, na wao ndio watakaolia.

Hilda alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake, Juliana, alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, chini ya mji wa Moshi, na kila Jumamosi aliwatumia bando la GB moja. Bando hilo halikuwa la anasa. Lilikuwa la maji.

Huko Kibosho maji ya kumwagilia huja kwa mfongo, yaani mfereji ambao mababu waliuchimba kwa mikono kutoka mtoni hadi vihambani, kwenye mashamba yanayozunguka nyumba. Kila nyumba ina zamu yake ya kufungua maji. Kwa miaka mingi zamu ilitangazwa na Mzee Vedastus, ambaye jioni alipita njiani akiita jina la nyumba itakayofungua kesho yake alfajiri. Mzee Vedastus hakuwahi kuishiwa chaji. Hakuwahi kuhitaji bando. Hakuna nyumba iliyowahi kusema haikumsikia.

Kisha akaja Filemon na simu yake.

Huyu ndiye Filemon yule yule ambaye mwaka wa ukame mkubwa alikuwa wa kwanza kujifungulia maji ya wenzake, na wa mwisho kufika siku ya kuzibua tope. Watu walikumbuka vizuri. Wakamchagua hivyo hivyo kuwa mwenyekiti wa mfongo, kwa sababu alikuwa na simu kubwa na sauti kubwa, na wapo watu ambao wakiona vitu hivyo viwili kwa pamoja huviita uongozi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumstaafisha Mzee Vedastus bila hata asante. Alisema dunia imeendelea, na kuanzia siku ile zamu zitatangazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kundi likafunguliwa. Asubuhi Filemon alituma maua ya waridi yanayometameta na maneno ya kuwatakia watu siku njema. Mchana alituma video za harusi za watu asiowajua. Jioni alituma video ya nyanya zake mwenyewe, akaiwekea muziki, kana kwamba nyanya zilikuwa zikiolewa. Katikati ya takataka hizo, mara mbili kwa wiki, ndipo ulipopita ujumbe mfupi wa zamu za maji za siku kadhaa. Zaidi ya hapo akaweka sheria mbili: anayekosa zamu, maji yake yataingia kwenye shamba la mwenyekiti ili yasipotee bure, na anayekosa zamu mbili anafutwa kwenye orodha mpaka masika.

Bibi Elisifa hakuweza kukosa zamu mbili. Nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha migomba, alikuwa na kitalu cha miche mia mbili ya kahawa. Marehemu mumewe aliing'oa kahawa yao yote miaka ile ambayo gunia zima halikutosha kununua jembe, na siku ile Bibi alisema kwa mdomo wake kwamba hatakufa kabla ya kuirudisha. Ilikuwa Februari, jua likichoma. Masika yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja na kidogo. Miche isingeweza kuusubiri mwezi huo bila maji.

Alhamisi moja alfajiri, Hilda alisikia maji yakipita kwenye mfongo. Alidhani ni zamu ya jirani. Alipoitazama simu, haikuwa na ujumbe wowote mpya tangu jana yake. Bando lilikuwa limekwisha Jumatano. Akakimbilia kwa jirani yao Fabian, ambaye alimwonyesha kwenye simu yake ujumbe wa jana jioni: Alhamisi ilikuwa zamu ya Bibi Elisifa. Walipofika mfongoni, maji yalikuwa yanateremka kuelekea kwenye nyanya za mwenyekiti.

Bibi hakugomba. Alimtazama Hilda tu na kumuuliza kama alikuwa ameangalia video zake za kucheza muziki.

"Hapana, bibi," alisema Hilda.

Ulikuwa uongo. Jumapili na Jumatatu alikuwa ameangalia wasichana wa Dar wakicheza, nusu saa, labda na zaidi kidogo. Moyoni aliamini kwamba yeye ndiye aliyelimaliza bando lote, na kwamba miche mia mbili itakauka kwa sababu ya miguu ya watu asiowajua.

Siku iliyofuata alipotoka shule alipitia kwenye kibanda cha Denis pale njia panda, ambaye aliuza vocha na kutengeneza simu, na akamuuliza ni nini hula bando. Denis alijibu kwamba ni mtandao. Hilda akauliza ni mtandao gani. Denis akasema mtandao ni mtandao, mdogo wangu, GB moja siku hizi ni ya watoto, mwambie mama anunue bando la mwezi. Hakuishika hata simu kuitazama. Kijana aliyekaa miaka minne akiuza kitu kile kile alikuwa hajui kinakwenda wapi, au alijua, na ujinga wake ulikuwa unamlipa vizuri.

Jumamosi Joyness alishuka kutoka mlimani. Joyness alikuwa jirani yao wa upande wa juu, na kazi yake ilikuwa ugumu, yaani kubeba mizigo ya watalii hadi kambi za juu. Alimkuta Hilda akimwagilia miche kwa ndoo aliyoibeba kutoka bomba la shule, mwendo wa nusu saa, na ndoo moja haikutosha hata mstari mmoja. Hilda akamsimulia yote, isipokuwa sehemu moja.

Joyness alicheka, lakini hakumcheka yeye.

"Usimuulize anayeuza bando kwa nini linaisha haraka," alisema. "Mimi kule juu nakaa siku sita na GB moja, na hakuna kibanda. Lete simu."

Akafungua mipangilio, akaenda kwenye matumizi ya data, na pale Hilda akaona jambo ambalo hakuwahi kuambiwa kwamba lipo: orodha. Kila programu ilikuwa imeandikwa jina lake na kiasi ilichokula tangu Jumamosi iliyopita. Ya kwanza ilikuwa WhatsApp, MB mia sita na kumi. Ya pili ilikuwa programu zilizojisasisha zenyewe bila kuombwa, MB mia mbili. Ya tatu ilikuwa ile ya video fupi, MB mia moja na arobaini.

Joyness alimweleza taratibu. Simu yao ilikuwa imeachwa wazi kama ilivyotoka dukani, kwa hiyo kila video iliyotumwa kwenye kundi ilijipakua yenyewe hata kama hakuna aliyeifungua. Ilikuwa imelala mfukoni huku ikila. Akamwonyesha mahali pa kuzuia picha na video zisijipakue, mpaka mtu mwenyewe aiguse ile anayoitaka. Akamwonyesha mahali pa kuamuru programu zisijisasishe kwa bando, bali zingoje Wi-Fi. Akawasha kiokoa data, akafunga data ya chinichini kwa kila programu isipokuwa ile inayoleta ujumbe wa zamu. Mwisho akaweka onyo, ili simu iwajulishe bando likifika nusu, si likishakwisha. Kila alipofunga kitu, alikifungua tena, akamwachia Hilda akifunge kwa kidole chake mwenyewe.

"Na huyu wa tatu ni nani?" akauliza, akionyesha ile mia moja na arobaini.

Hilda akaiokota ndoo yake.

"Sijakuuliza ili unijibu mimi," Joyness akasema, akamrudishia simu.

Jumapili baada ya misa kulikuwa na mkutano wa mfongo nyuma ya ghala la zamani la kahawa. Filemon alianza kwa kusikitika, jambo alilolipenda sana mbele za watu. Alisikitika kwamba kuna nyumba zinazochelewesha maendeleo. Alisikitika kwamba kuna bibi aliyekosa zamu kwa sababu mjukuu wake anakesha akikata viuno kwenye simu. Alisema zamu inayofuata ya Bibi Elisifa ni Jumanne, na akiikosa hiyo, sheria ni sheria.

Bibi Elisifa akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mwenyekiti, mtoto wangu nimemuuliza," alisema. "Amesema hajaangalia. Mimi nasimama kwa neno lake."

Hilda alisikia masikio yakimwaka moto. Bibi aliyezoea kupima kila neno kabla ya kulitoa, alikuwa ameweka jina lake juu ya uongo wa mtoto, tena mbele ya watu wanaomheshimu. Hilda akasimama, simu mkononi.

"Shikamooni," alisema. "Naomba nisome."

Akasoma. WhatsApp, MB mia sita na kumi. Akaeleza kwamba simu ya bibi ina kundi moja tu, hili la mfongo, na kwamba mama yake hutuma maandishi matupu. Programu zilizojisasisha, MB mia mbili, kwa sababu hawakujua kuzizuia. Hapo angeweza kuketi. Watu walikuwa wameanza kunong'ona. Lakini kwenye orodha kulikuwa na mstari wa tatu.

"Video fupi, MB mia moja na arobaini," alisoma. "Hizo ni zangu. Bibi aliniuliza, nikamdanganya."

Filemon akapiga makofi, akasema basi kesi imekwisha, mwizi amekiri. Joyness akamuuliza kwa upole kama alifika hesabu za darasa la tatu, kwa sababu hata mtoto wa umri huo anajua kati ya mia sita na kumi na mia moja na arobaini ipi ni kubwa. Watu wakacheka. Kisha akasema kwamba wiki ile amezihesabu video za mwenyekiti kwenye kundi: arobaini na tatu. Jumbe kuhusu maji zilikuwa mbili, na zote kwa pamoja hazikufika mistari mitano.

Mama mmoja aitwaye Winfrida akasimama nyuma. Naye alikuwa amekosa zamu mwezi uliopita kwa bando kuisha, akajilaumu mwenyewe na kunyamaza. Watu wengine wawili wakasema vivyo hivyo. Kumbe kila mmoja alikuwa nyumbani kwake akiona aibu peke yake, huku maji yao yote yakikutana kwenye nyanya.

"Maendeleo yana gharama," alisema Filemon.

"Gharama analipa nani, mwenyekiti," akauliza Winfrida, "na maji yananywesha shamba la nani?"

Filemon alitafuta jibu kwenye simu yake, maana alizoea kulipata humo.

Mkutano ukaamua mambo matatu, na safari hii katibu aliyaandika kwenye daftari. Mzee Vedastus arudi kuita zamu, na kila nyumba impe ndizi au maharage kama zamani. Kundi libaki, lakini kwa maandishi ya maji tu. Na maji ya aliyekosa zamu yaende kwa anayefuata kwenye orodha, hata awe nani. Filemon alibaki mwenyekiti mpaka uchaguzi, kwa kuwa watu wale ni wavumilivu mno. Jumatatu asubuhi alituma ua la waridi. Kwenye simu ya Bibi Elisifa lilitokea kama doa la kijivu, likingoja mtu wa kuligusa. Hakuna aliyeligusa.

Jioni hiyo sauti ya Mzee Vedastus ilisikika njiani, imekwaruza kidogo kwa kukaa bila kazi: "Kwa Elisifa! Kesho kwa Elisifa!"

Jumanne alfajiri Hilda na bibi yake walifungua mfongo. Tangu Jumapili Bibi hakuwa amemsemesha zaidi ya kumtuma. Maji yaliingia kwenye kihamba, na katika kila tundu la panya na kila ufa, mengine yakakimbilia kusikohitajika. Bibi akamwonyesha Hilda kila mahali, naye Hilda akaziba kwa udongo na magome ya mgomba mpaka mikono ikawa myeusi. Hatimaye maji yote yakaelekea kitaluni. Miche kama thelathini hivi ilikuwa imekwisha kukauka. Mingine ilikuwa imelegea tu, na udongo wake ukaanza kunywa.

Ndipo Bibi aliponyoosha mgongo.

"Huyo mwenyekiti na huyo kijana wa kibanda wanapenda watu wasiotazama maji yao yanakwenda wapi," alisema. "Usiwe miongoni mwao. Kitu chako kikipungua, fuata njia yake mpaka uone kinapovujia, uzibe. Ulijifunza hilo Jumamosi, na umefanya vizuri. Lakini ule mstari wa tatu hukuujua kwa Joyness. Uliujua tangu mwanzo. Ungeniambia siku ile ile, nisingesimama mkutanoni na aibu."

"Nisamehe, bibi."

"Nilikusamehe pale uliposoma. Pale ni wewe peke yako uliyesoma hata kosa lako." Bibi akainama tena juu ya miche. "Jumamosi bando likija, chukua MB hamsini, uangalie hao wanaocheza. Niite na mimi niwaone. Sasa ziba hapo nyuma yako, panavuja."